Maswali ya wasomaji: saa, kete na mkono wa baibui

Mwezi huu tumeweka pamoja maswali ya wachezaji wa kike wa sataranji, au chesi kama wengi wenu mnavyoandika, kutoka Unguja na Pemba. Karibu yote yanahusu rapidi, yaani mchezo wa muda mfupi. Kwa anayeanza nasi leo: kete ni mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Babu akimwita askofu "tembo" msimsahihishe, Waarabu mpaka leo humwita fil. Nyumba za ubao tunazitaja kwa herufi a mpaka h na namba 1 mpaka 8, mweupe akianzia chini.

Dakika 10 tunazocheza mtaani ni rapidi au ni blitsi? Kila mtu ana lake. (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Dakika 10 kavu, bila nyongeza, ni blitsi. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa, rapidi ni mchezo ambao kila mchezaji ana zaidi ya dakika 10 na pungufu ya 60. Kama kuna nyongeza ya sekunde kwa kila hatua, unaizidisha nyongeza hiyo kwa hatua 60, kisha unajumlisha na dakika za mwanzo. Dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 ni sawa na dakika 15, kwa hiyo ni rapidi. Hata dakika 10 na sekunde 1 ni rapidi, maana jumla inafika 11. Mashindano ya dunia ya rapidi, ya wanawake na ya wazi, huchezwa kwa dakika 15 na sekunde 10.

Nacheza dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Mara tatu mfululizo nimefika kwenye hatua ya 30 nina kete zaidi ya mwenzangu, lakini saa yangu imebaki na sekunde chini ya 40. Navurugika, nafungwa. Tatizo ni ufunguzi wangu? (Mchezaji, Jang'ombe)

Ufunguzi hauna kosa, dada. Hesabu ndiyo iliyokufunga, hebu tuifanye pamoja.

Dakika 15 ni sekunde 900. Mpaka hatua ya 30 umeongezewa sekunde 300. Ukibaki na 40, maana yake umetumia 1,160, wastani wa karibu sekunde 39 kwa hatua. Anayetumia 30 kwa hatua hufika hapo hapo akiwa na dakika 5 kamili mkononi. Tofauti yenu ni sekunde 9 tu kwa hatua, muda wa kunyanyua kikombe cha chai na kukirudisha. Hiyo ndiyo sababu huioni ikipotea.

Hizo 9 hazipotei sawasawa katika mchezo mzima. Kwa kawaida zinakwenda sehemu mbili. Ya kwanza ni hatua zile 10 za mwanzo ambazo unazijua lakini unazikagua upya kila mara. Ufunguzi uliouzoea uchezwe kwa sekunde 10 au chini kwa hatua, na kwa nyongeza yako utatoka humo bado una dakika 15 au karibu yake. Ya pili ni pale unapopima hatua mbili zilizo nzuri zote. Ukiona umezirudia mara mbili na hujaona tofauti, cheza ile inayomweka mfalme wako salama zaidi, basi. Kutafuta bora kati ya nzuri mbili ni kazi ya mchezo mrefu wa dakika 90.

Muda mrefu utoe mahala pawili au patatu tu: kabla hujatoa kete kwa makusudi, kabla hujabadilishana malkia na kuingia mwisho wa mchezo, na pale kete nyingi zinapogusana katikati ya ubao. Hapo tumia hata dakika 2 au 3 bila ya kujuta.

Kwenye rapidi huhitajiki kuandika hatua, kwa hiyo wengi hawajui wamefika ya ngapi. Ikiwa saa yenu haihesabu, tumia alama za mchezo wenyewe. Mfalme akishaingia ngomeni, yaani akishasogea nyumba mbili na ngome ikamruka, uwe na dakika zisizopungua 13. Kete nzito ya kwanza (malkia au ngome) ikishatoka, 8. Mkishabaki na ngome na askari, 4. Ukiwa chini ya kipimo, hatua tatu zinazofuata zicheze kwa haraka hata kama zinakuuma.

Zikishashuka chini ya dakika moja, kosa linaloua ni kucheza kwa sekunde 2 kwa hofu. Una 10 kila hatua. Tumia 6 au 7 na saa yako itapanda taratibu. Kwa kuwa uko mbele kwa kete, badilishana kete wala usibadilishane askari, na kila kabla hujaachia kete mkononi jiulize jambo moja tu: "Anaweza kunipa cheki gani (kumshambulia mfalme wangu), au kula nini?"

Zoezi lake: chukua nafasi ambayo mweupe ana ngome zaidi, weka saa dakika 1 na nyongeza ya sekunde 10 kwa upande wake, dakika 5 kwa mweusi, mcheze mara kumi. Mkipishana pande, baada ya wiki mbili mkono utatulia.

Mkono wa baibui langu uliangusha kete mbili nikiwa natishia kumfunga mpinzani. Nikabonyeza saa kisha nikaanza kuzisimamisha. Mwamuzi akanikaripia mbele ya watu. Je, nilikosa? Na ile kete iliyoguswa na nguo, nalazimika kuichezesha? (Msomaji, Wete)

Ulikosa kwa kubonyeza saa kabla. Kanuni inasema anayeangusha au kusogeza kete ndiye anayezirudisha, na anazirudisha kwa muda wake mwenyewe, yaani saa yake inaendelea kwenda. Ukibonyeza kwanza, unatumia muda wa mwenzako kusafisha ulichokivuruga. Yeye ana haki ya kusimamisha saa na kumwita mwamuzi, na mwamuzi anaweza kukupa adhabu. Kukukaripia mbele ya watu ni jambo jengine. Hilo halimo kwenye kanuni.

Kuhusu nguo, tulia. Sheria ya "ukigusa, cheza" ni kwa kete iliyoguswa kwa makusudi ya kuichezesha au kuila. Mkono wa baibui uliopita juu ya farasi si makusudi. Ila kama unataka kuiweka kete sawa katikati ya nyumba yake, sema kwanza "narekebisha", na iwe zamu yako.

Sasa dawa, maana wachezaji wengi wa kwetu wanalo tatizo hili na hakuna anayelifundisha. Hatari si pale unapoisogeza kete, ni pale mkono unaporudi kwenye saa. Saa lazima ibonyezwe kwa mkono ule ule ulioichezesha kete. Ikiwa unatumia mkono wa kulia na saa iko kushotoni kwako, mkono wako unakatisha ubao mzima, na mdomo wa baibui unafagia askari wa safu ya kati. Saa huwekwa pale mwamuzi alipoamua kabla ya mchezo, kwa hiyo usitegemee kuihamisha. Zoea kurudisha mkono kwanza ukingoni mwa meza, upande wako, halafu uupeleke kwenye saa kwa kufuata ukingo. Njia inakuwa ya pembe badala ya kukatisha, na inakula chini ya sekunde moja.

Mkono mpana ubane kwa mpira mwembamba wa kushonea, au pini mbili upande wa chini wa kifundo, au vaa mikono ya ndani inayobana na ukunje ya juu mara moja. Ncha ya ushungi nayo ichomeke. Inapoanguka ni pale unapoinama kutazama kona ya mbali. Jaribu nyumbani: panga kete zote, keti upande wa mweupe na baibui lako la mashindano, kisha nyanyua ngome ya h8 na kuirudisha mara ishirini. Kete ikianguka hata mara moja, rudi kwenye pini.

La mwisho, kwa sababu linafanana: unapomweka mfalme ngomeni, tumia mkono mmoja. Mfalme kwanza, nyumba mbili, kisha ngome inamruka. Ukitumia mikono miwili na ukabonyeza saa, inahesabiwa kama hatua haramu. Ukiigusa ngome kwanza kwa makusudi, ndipo umguse mfalme, hutaruhusiwa kumweka ngomeni upande huo kwa hatua hiyo. Kula kete kwa mikono miwili, mmoja unatoa na mwengine unaweka, ni kosa lile lile, na ndilo linalowapata wengi waliozoea kucheza barazani.

Mpinzani aliacha mfalme wake kwenye cheki akacheza kitu chengine. Mimi sikuona, nikacheza hatua yangu, ndipo rafiki yangu aliyekuwa pembeni akanong'ona. Nikadai, nikakataliwa. Haki yangu iko wapi? (Mchezaji, Chake Chake)

Haki yako ilikwenda pale ulipocheza hatua yako. Katika rapidi ya kawaida, ambapo mwamuzi mmoja anaangalia meza nyingi, hatua haramu inadaiwa kabla hujacheza ya kwako. Ukishacheza, inabaki ilivyo, isipokuwa nyinyi wawili mkubaliane wenyewe kuirekebisha bila mwamuzi kuingilia. Na huyo shoga yako ashukuru hakutolewa ukumbini, mtazamaji haruhusiwi kusema lolote juu ya mchezo.

Siku nyengine fanya hivi. Hatua haramu inakamilika mpinzani akishabonyeza saa, kwa hiyo subiri abonyeze. Simamisha saa kwa kitufe cha katikati, usibonyeze cha upande wako. Nyanyua mkono, mwite mwamuzi, na useme maneno machache: "Mfalme wake yuko kwenye cheki." Kwa kosa la kwanza unaongezewa dakika 2 kwenye rapidi (kwenye blitsi ni moja), na mpinzani anarudi kucheza hatua halali, kwa kete ile ile aliyoigusa kama inawezekana. Kosa la pili la mtu yule yule, amefungwa, ila tu kama kete zako haziwezi kumfunga kwa njia yoyote. Hapo ni sare.

Yanayohesabiwa hatua haramu ni pamoja na kubonyeza saa bila ya kucheza, na kumfikisha askari mwisho wa ubao kisha kubonyeza bila kumbadilisha. Hili la askari linauma. Watu hutafuta malkia wa pili, hawamwoni, wanageuza ngome juu chini na kubonyeza. Ngome iliyogeuzwa ni ngome. Kama malkia hayupo karibu, simamisha saa, mwombe mwamuzi akuletee, ndipo umalize hatua yako.

Na kama mlianza mfalme na malkia wamepishana mahala, hilo linasahihishwa kabla ya kila mmoja kukamilisha hatua 10. Baada ya hapo mnaendelea hivyo hivyo, na aliyewekewa mfalme pasipo pake hana tena ruhusa ya kumweka ngomeni. Sekunde tano za kuangalia ubao kabla ya kuanza zinatosha: nyumba ya kona ya kulia iwe nyeupe, malkia mweupe asimame juu ya nyumba nyeupe.

Nacheza na kete nyeusi, nimepigwa mara mbili na mtindo ule ule: farasi wake anakuja g5, anakula f7, mfalme wangu anatolewa nje. (Mwanafunzi, Mkoani)

Hilo ni shambulio kongwe na kwenye rapidi linafanya kazi kwa sababu anayeshambulia amelikariri, anayejitetea anafikiri upya na saa inakwenda.

Linavyokuja: askari wote wawili e4 na e5, farasi wake f3, wako c6, askofu wake c4, farasi wako f6, farasi wake g5. Sasa f7 imeshambuliwa mara mbili na inalindwa na mfalme peke yake. Unacheza askari d5, sawa kabisa, anakula kwa askari wa e. Hapa ndipo palipokuumiza. Ukila d5 kwa farasi, yeye anatoa farasi wake f7, mfalme wako anamla, malkia wake anakuja f3 na cheki. Ukirudi g8, askofu anakula d5 na cheki na mfalme anafungwa baada ya hatua chache. Ukimpeleka e6 kumlinda farasi, anakuja farasi c3, na farasi wako wa d5 anashambuliwa na watatu wala hawezi kuondoka, kwa kuwa nyuma yake kuna mfalme. Mashine za kompyuta zinaweza kuitetea nafasi ile. Binadamu mwenye dakika 12, tabu tupu.

Usimle. Badala yake farasi wa c6 aende a5, amguse askofu. Yeye atatoa cheki askofu b5. Weka askari c6. Atakula, nawe kula kwa askari wa b. Askofu atarudi, kwa kawaida e2. Sasa sukuma h6, farasi arudi f3, sukuma e4, farasi atafute njia tena. Umepoteza askari mmoja, umepata hatua kadhaa za bure na yeye ndiye anayefikiri. Kariri mpaka hapo tu. Inatosha kwa mashindano mengi ya visiwani.

Kama hutaki kabisa fujo hii, hatua ya tatu usitoe farasi f6. Mtoe askofu c5. Farasi akija g5, malkia wako wa d8 anamwona moja kwa moja na kumla. Akisukuma d4 ili amguse malkia kwa askofu wake wa c1, mpeleke malkia ale g2, na mpinzani ndiye atakayekuwa na maswali.

Saa yangu iliisha. Nilikuwa na ngome na askari wawili, mwenzangu farasi mmoja tu na mfalme. Wamempa ushindi! Farasi mmoja anamfungaje mtu? (Msomaji aliyekasirika, Michenzani)

Wamehukumu sawa. Swali la kanuni si kama angekufunga, ni kama kuna mfuatano wowote wa hatua halali, hata wa kijinga, unaoweza kumaliza hivyo. Upo: mfalme wako h8, ngome yako g8, farasi wake f7, mfalme wake h6. Huna pa kwenda, ngome yako ndiyo iliyokuziba. Kwa kuwa inawezekana, aliyeishiwa saa amefungwa. Laiti ngome na askari wako wangekuwa wameshaondoka wote, ingekuwa sare, maana farasi mmoja hawezi kumfunga mfalme aliye peke yake. Tunadhani umechanganywa na programu za simu, baadhi yake huhesabu farasi mmoja kuwa sare moja kwa moja.

Nina malkia, yeye mfalme mtupu, na mara mbili imeishia sare. Naona haya hata kuuliza. (Mchezaji, Wete)

Usione haya, sekunde 10 ni chache kama hujui njia. Njia ni hii.

Weka malkia wako umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme wake. Akisogea, msogeze malkia upande ule ule, kama kivuli. Hutoi cheki hata moja. Mfalme atabanwa hatua kwa hatua mpaka ukingoni. Sasa sikiliza: akiingia kona, acha kumfuata. Mfalme akiwa h8 na malkia wako akawa f7 au g6, hana pa kwenda wala hayuko kwenye cheki. Hiyo ni sare ya kukwama, ndiyo iliyokupata.

Akifika ukingo wa juu, mweke malkia kwenye safu ya 7 kwa mbali kidogo, tuseme e7. Mfalme aliyeko kona ya h atabaki akipiga mguu h8, g8, h8. Mwache. Sasa mlete mfalme wako, hatua kwa hatua, mpaka g6. Kisha malkia e8, mchezo umekwisha, awe h8 au g8. Mfalme wako akitoka mbali, hesabu hatua sita au saba, na kila moja unaongezewa sekunde 10. Huna haja ya kukimbia.

Nataka kuandaa siku moja ya mashindano ya wasichana 12. Nina saa nne tu za chesi. Nitumie mfumo gani, na ratiba iweje? (Mwalimu, Micheweni)

Wachezaji 12 ni meza sita, kwa hiyo unahitaji saa sita. Mbili zinazokosekana zifidie kwa simu zenye programu ya saa ya chesi, uziweke meza za chini. Simu hizo ziwe kwenye hali ya ndege, maana simu ikipigwa katikati ya mchezo saa inatoweka; ziwe zimechajiwa, na kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kila raundi. Kidole chenye jasho hubonyeza bila kusikika, na mtu anaona saa yake inaendelea kwenda.

Mfumo uwe wa Uswisi, raundi tano. Kila raundi wenye pointi sawa wanakutana, na hakuna wanaokutana mara mbili. Wote kukutana na wote kungehitaji raundi 11. Ikitokea mmoja hakuja na mmebaki 11, anayekosa mpinzani anapewa pointi moja kamili, na mtu yule yule asipewe tena.

Muda: dakika 15 na nyongeza ya 10. Mchezo wa hatua 60 unamaliza dakika 25 kwa kila mmoja, 50 kwa wawili, kwa hiyo raundi ni saa nzima pamoja na kupanga meza. Jumamosi, raundi ya kwanza saa 2:30 asubuhi, ya pili 3:30, ya tatu 4:30. Saa 5:30 mpumzike, adhuhuri isaliwe, watu wale. Ya nne saa 7:30 na ya tano 8:30. Mtakuwa mmemaliza kabla ya alasiri, na wanaotoka mbali wanapata daladala kukiwa bado na mwanga. Usiibane ratiba kwa kupunguza mapumziko. Wasichana wenye njaa wanacheza hatua haramu.

Vifaa: nyumba za ubao ziwe sentimita 5 hadi 6, mfalme urefu wa sentimita 9.5 hivi. Kete ndogo kwenye ubao mkubwa zinateleza, na kubwa kwenye ubao mdogo ndizo zinazoangushwa na mikono ya mabaibui. Ubao wa plastiki unaokunjwa ulaze juani kidogo siku moja kabla ili unyooke. Malkia wa akiba wawe wawili kila rangi, mezani kwa mwamuzi. Saa za betri zote uzijaribu usiku wa kuamkia, uweke na betri pembeni.

Wakilingana pointi, tangaza asubuhi, si jioni, njia ya kuwatenganisha. Iliyo rahisi ni matokeo ya walipokutana wenyewe; kama hawakukutana, jumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja. Aliyecheza na wenye pointi nyingi ndiye wa juu. Ukitangaza jioni, utaitwa mwenye upendeleo na utakuwa umejitakia.

Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa sauti, ikatetemeka. Nikafungwa papo hapo. Ni haki? (Msomaji, Jang'ombe)

Ndiyo. Simu isiyozimwa kabisa, hata ikiwa kimya ndani ya mkoba, inatosha mwenye simu kufungwa, isipokuwa waandaaji walitangaza adhabu ndogo zaidi tangu mwanzo. Izime kabisa na mwamuzi ajue iko mkobani, au mwachie mama nje.

Kwa nini wanawake tuna mashindano yetu, wakati huu si mchezo wa nguvu? Na nikicheza ya wazi, napoteza kitu? (Mchezaji, Chake Chake)

Hupotezi kitu. Mashindano "ya wazi" si ya wanaume, ni ya wote, na mwanamke anajiandikisha kama mtu mwengine. Judit Polgar wa Hungaria alicheza karibu maisha yake yote huko, akafika nafasi ya 8 duniani mwaka 2005. Na mchezo wake mmoja mashuhuri kuliko yote ulikuwa rapidi: Septemba 2002, Moscow, alimfunga Garry Kasparov aliyekuwa namba moja duniani.

Sehemu ya wanawake ipo kwa sababu wachezaji wa kike ni wachache, na meza walizotengewa, pamoja na zawadi zake, zinawafanya wabaki kwenye mchezo. Humpy Koneru wa India alipumzika akajifungua mtoto mwaka 2017, akarudi, akatwaa ubingwa wa dunia wa rapidi wa wanawake mwaka 2019 Moscow, na tena mwaka 2024 New York kwa pointi 8.5 katika michezo 11, akishinda raundi ya mwisho kwa kete nyeusi.

Vyeo navyo vipo vya aina mbili. Cheo cha chini cha wanawake, WCM, kinataka reitingi (namba ya kiwango cha mchezaji) 2000 ya mchezo mrefu, WFM 2100. Vya wazi vinavyolingana navyo, CM na FM, ni 2200 na 2300. Angalia neno hilo: mchezo mrefu. Reitingi ya rapidi ni ya peke yake na haikupi cheo. Unaipata kwa kuandikishwa FIDE kupitia chama cha taifa, kisha kucheza angalau michezo mitano na wenye reitingi tayari, katika mashindano yaliyosajiliwa. Reitingi za FIDE sasa zinaanzia 1400. Ukishakuwa nayo, ukimfunga aliyekuzidi pointi 200 unapata takriban 15 kwa mchezo mmoja. Ukifungwa naye unapoteza 5 tu. Kwa hesabu hiyo, dada wa Chake, meza za wazi zenye wakubwa zako ndizo zenye faida.